Aliyetupangia Bahari

Mtu aliyewafundisha watu wa mtaa wetu wa Kampemba namna ya kutembea pwani hakuwa ameiona bahari hata siku moja. Haikuwa siri. Mwenyewe alilisema waziwazi, bila haya, kama mtu anayekuambia kwamba yeye hanywi chai. Mimi ndiye niliyeshtuka nilipolisikia mara ya kwanza, na bado nashtuka, maana sijakutana na mwingine aliyeijua bahari kumshinda.

Tulimwita Papa Shefu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kwenye reli ya kwenda Sakania, mpaka treni zikapungua, naye akapumzishwa na kurudi Lubumbashi na kofia yake ya kazi na saa ya mfukoni iliyokuwa mbele dakika nne. Saa hiyo hakuirekebisha. Alisema, "Muntu mwenye saa ya kweli, treni inamuacha."

Kule kwenye reli ndiko bahari ilikomshika. Wafanyabiashara waliotoka Dar es Salaam kwa kupitia Zambia walikaa kwenye baraza ya stesheni yake wakingoja treni, wakati mwingine siku mbili, na yeye hakuwa na la kufanya ila kuwauliza walichokiona. Akaanza kuandika kwenye kaye, yaani daftari la shule. Alipopumzishwa alikuwa na kaye saba. Miaka ilivyopita zikafika kumi na moja, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa siku yake. Kwenye veranda yake kulikuwa na viti viwili tu, fotei ya kitambaa cha kijani na kreti tupu ya bia. Ukija kuomba mpango wa safari, ulikaa kwenye kreti na yeye kwenye fotei. Ukirudi kutoka safari, mlibadilishana: wewe fotei, yeye kreti, kaye mapajani, kalamu tayari. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yake. Ukimletea kitenge au sabuni alikurudishia. "Mi sitaki bintu. Nipe siku zako," alisema, na hakukuachia mpaka umezitoa zote, moja moja.

Kwa karatasi moja alikupangia wiki nzima. Siku ya kwanza hakuna kutoka, ulale, miguu imevimba kwa siku tatu za basi. Siku ya pili, soko la samaki, ufike mapema kabla mnada haujaisha, na usivae kiatu cha kitambaa. Siku ya tatu, boti ya kwenda kisiwani, na ukae upande wa kushoto kwenda na kushoto kurudi, la sivyo jua litakupika sikio moja. Bagamoyo aliitengea siku nzima: magofu ya mawe asubuhi, kanisa la zamani mchana, na njiani usikose mkate wa kumimina, lakini kipande kimoja tu kwa sababu barabara ina mashimo. Kulikuwa na mtumbwi wa kuingia kwenye mikoko. Kulikuwa na miwani ya kutazama samaki chini ya maji, ambayo aliagiza kwanza uitemee mate ndani ili isifanye ukungu. Watu walitema mate kwa kumtii tu, kisha wakarudi wakiapa kwamba ni kweli.

Chini ya kila karatasi, kwa mwandiko wa stesheni, aliandika saa ya kurudi na kuipigia mistari miwili. "Kutoka, kila muntu anajua," alisema. "Andika saa ya kurudia."

Maneno ya pwani ya maji kujaa na maji kupwa hakuyatumia, maana sisi hayatukai mdomoni. Aliyaeleza kwa kazi tunayoijua, ile ya zamu za migodini. "Bahari inafanya poste, sawa bantu ba mine. Poste ya asubui, poste ya mangaribi. Ikitoka, usiseme imeenda kabisa. Itarudia mu nyumba yake, na ikikukuta mu kitanda yake, ni weye ndiye mwizi." Mama mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa amesimama kwenye mchanga mtupu akipiga picha, aliikumbuka sentensi hiyo na kukimbia na viatu mkononi. Mpaka leo humwombea Papa Shefu misa.

Kwa saa alikuwa mkali, lakini si mjinga wa kutojifunza. Bwana arusi mmoja aliifuata karatasi yake kwa saa mkononi wiki nzima. Waliporudi, bibi arusi aliketi kwenye fotei akiwa amenuna. "Papa Shefu," akasema, "mi nilisema naolewa na muntu. Kumbe nimeolewa na treni." Yeye hakucheka. Alifikiri sana, na tangu siku hiyo, kwa waliooana karibuni, siku ya nne aliandika: hapana kitu.

Cha kushangaza ni kwamba mtu huyu aliogopa maji. Alioga kwa nusu ndoo. Parokia ilipokwenda kula chakula kando ya ziwa lililo karibu na mji, alikaa ameligeuzia mgongo, akitafuna mahindi. Daktari alimkataza chumvi, naye alimjibu kwamba haigusi kabisa, huku Mama Shefu, mkewe, akitazama dari. Dereva mmoja wa lori aliwahi kumletea chupa ya maji ya bahari. Aliiweka kabatini kama mafuta matakatifu, na kila aliyekwenda safari alionjeshwa tone moja. Siku moja Mama Shefu, akifikiri ni maji ya chumvi aliyoyakoroga mwenyewe, akaimwaga yote kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tulishika pumzi tukijua nyumba itawaka. Papa Shefu akala bukari, yaani ugali, na sombe ile mpaka akasafisha sahani, akasema, "Bon. Bahari imefika Kampemba." Alikunywa maji usiku kucha.

Kitu kimoja tu hakukisamehe: bongo, kama tunavyouita uongo. Jirani mmoja aliyejifanya amekwenda, na kumbe aliishia mpakani Kasumbalesa, alieleza kwenye fotei jinsi watoto wa pwani wanavyokunywa maji ya bahari asubuhi. Papa Shefu alifunga kaye. "Toka mu fotei," akasema. Hakumsalimia tena kwa miaka miwili, hata kwenye msiba.

Nasema haya yote ili ueleweke uzito wa nilichokifanya.

Mimi ni mshonaji. Nilikwenda pwani na Yaya Feza, dada yangu mkubwa, aliyekuwa anafuata vitenge Dar es Salaam na kuamua kwamba mara hii tupumzike wiki moja kwenye hoteli ndogo ya ufukweni. Papa Shefu alinipangia karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, siku sita, maana alinipenda kama mtoto wake. Nilikuwa nimemshonea mfuko wa ile saa.

Basi tukafika, Yaya Feza akanishika mkono, tukazunguka kona ya jiko la hoteli, na nikaiona. Nilishtuka. Sina neno jingine. Papa Shefu alikuwa amenieleza kila kitu isipokuwa kwamba haina upande wa pili. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa jiko, na kwa siku sita sikupita ule ukuta. Yaya Feza alikwenda sokoni, kisiwani, Bagamoyo, karatasi yangu mkononi mwake. Mimi nilibaki uani.

Tuliporudi, Yaya Feza alipitiliza Kolwezi kuuza vitenge. Nikaenda peke yangu kwenye ile veranda, nikiwa nimenuia kusema ukweli. Lakini Papa Shefu alikuwa amepangusa fotei. Alikuwa amevaa kofia ya kazi. Alikuwa amekalia kreti na kufungua ukurasa mpya, ameandika jina langu juu, "Bea", na kulipigia mistari miwili kama saa ya kurudi. Nikakaa, nikaficha vidole vyangu ndani ya kitenge, nikafungua mdomo.

Kuhusu soko na Bagamoyo niliiba masimulizi ya Yaya Feza. Hayo angeweza kuyapima kwa ya wengine. Siku ya mwisho ndiyo niliyoitunga mwenyewe, kwa sababu nilimwona amefurahi na mdomo wangu haukutaka kusimama. Nilimwambia kwamba upande wa kaskazini wa hoteli yetu, maji yakitoka, unatembea kwa miguu juu ya mchanga mweupe mpaka kisiwa kidogo. Huko kuna mama mzee na mbuzi wake mmoja. Unakaa naye, anakupa kahawa, kisha unarudi.

"Mayi ilifika wapi?"

"Ku magoti."

"Saa ya kutoka?"

"Saa ine."

"Ya kurudia?"

"Saa kenda," nikasema. Kalamu yake ilibaki juu kidogo. Kisha akaandika, akapiga mistari miwili. "Muzuri," akasema. Nikaenda nyumbani.

Miaka ikapita, na kila mtu wa mtaa aliyesafiri alinikosesha usingizi. Nilikuwa najua sasa habari ya poste ya bahari. Nilijua kwamba anayetoka saa nne na kurudi saa tisa atakuta bahari imesharudi nyumbani kwake. Nilijipenyeza kwa wasafiri, nikiwauliza kwa mzunguko, "Papa Shefu amekupangia wapi?" Walinionyesha karatasi. Soko, boti, Bagamoyo, mikoko. Kisiwa changu hakikuwemo hata mara moja. Nikajidanganya kwamba amekisahau.

Mwaka jana Mama Shefu alikuwa amefariki tayari, na watoto wao wakaamua kwamba baba naye hawezi kuzikwa bila kuiona hiyo bahari yake. Wakamkatia tiketi ya basi, kwenda na kurudi, na hoteli. Binti yake mkubwa angemsindikiza. Mtaa mzima ulikwenda kumuaga. Mimi nilikwenda wa mwisho, siku moja kabla ya safari, mchana, nikamkuta peke yake verandani na valizi wazi. Ndani mlikuwa na shati tatu, viatu vya plastiki, na kaye zote kumi na moja.

"Umejipangia nini, Papa?" nikamuuliza kwa utani.

"Ingine yote bintu bya kupita tu," akasema. "Mi naenda ku kisiwa yako."

Nilishtuka hata nikashika nguzo. Akaendelea, ametulia, akikunja soksi.

"Sikuipeana kwa muntu. Safari zingine zote nilizisikia kwa bantu kumi, bantu makumi mbili. Yako niliisikia kwa muntu moya. Na saa zake hazikuniingia mu kichwa. Nikasema, ile nitaenda kuitazama miye mwenyewe, na macho yangu. Balinipa hoteli ile ile. Nitatoka saa ine."

Mzee wa miaka ile, anayeoga kwa nusu ndoo. Nilimwona juu ya mchanga, kofia kichwani, akitafuta mama na mbuzi, na maji yakirudi kwa nyuma yake. Nikapiga magoti pale pale kwenye sementi.

"Papa, hakuna kisiwa. Nilisema bongo."

Hakunitazama. Alimaliza kukunja soksi ile, akaiweka kwenye valizi, akaitoa tena. Nilingoja aseme toka. Nilikuwa tayari kwa miaka miwili, hata kwa kumi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Na bale bengine?"

Sikuelewa.

"Bale bengine, Bea. Balikaa mu fotei ile ile. Nani alisema kweli?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, na lilinichoma kuliko hofu yangu yote ya kisiwa. Uongo wangu haukuwa ukurasa mmoja tena. Ulikuwa umeingia kwenye kaye zote. Nikamwambia sijui. Nikamwambia Bagamoyo ni kweli, Yaya Feza aliiona. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayepewa pole.

Kisha akainuka, akaketi kwenye kreti, akanionyesha fotei. "Ikala. Nipe siku yako. Ile ya kweli."

Nikampa. Nikamwambia habari ya ukuta wa jiko. Nilivyokaa pale asubuhi ya kwanza nikitetemeka, mpishi wa hoteli, mama mnene mwenye sauti, alinihurumia akaniambia nije nimsaidie kupika. "Nenda nyuma ya nyumba ukaniletee mbuzi," akasema. Nikazunguka nyumba mara tatu nikitafuta mbuzi. Nikatazama chini ya mti wa ndimu, nikaita hata. Nikarudi nikamwambia, Mama, mbuzi amekimbia. Alicheka mpaka akakaa chini, maana mbuzi yao ni kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi. "Kalia mbuzi, mwanangu," akasema. Nikaikalia siku sita. Nilikuna nazi za wageni wote. Chuma kile kilinikwaruza vidole, ndiyo maana nilivificha. Bahari nilikuwa naisikia kwa nyuma, siitazami.

"Njo maana ya ile vidole," akasema polepole. "Niliviona." Hakucheka. Alichukua kalamu, lakini hakuwa na ukurasa mtupu, akaandika nyuma ya tiketi yake. "Saa ya kurudia?"

"Sikutoka, Papa. Hakuna saa ya kurudia."

Akaandika hivyo. Halafu akazitoa kaye zote kumi na moja kwenye valizi, akazifunga kwa mpira wake wa baiskeli, akaziweka kabatini palipokuwa na ile chupa. Hakunifukuza na hakunisamehe. Alisema tu kwamba basi linaondoka mapema.

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda na amekuwa mweusi zaidi. Jumamosi veranda ilijaa mpaka barabarani. Alikwenda moja kwa moja kwenye fotei, mara yake ya kwanza kuikalia kama mtu aliyetoka safari. Kreti ikabaki tupu, kila mtu akiogopa. Nikaikalia mimi. Nilikuwa nimemnunulia kaye ya kumi na mbili.

Alieleza soko, na mnada, na jinsi alivyokaa kushoto kwenye boti, macho amefumba. Bagamoyo aliisema vizuri kabisa. Kisha akavua kofia.

"Halafu nikaenda ku kisiwa ya Bea."

Kalamu ilinianguka.

"Na miguu," akasema. "Nilitoka saa ine. Muchanga iko mweupe, sawa vile alinielezea. Mayi ku magoti." Watu wakanigeukia kwa heshima, kwa kuwa nimewahi kufika mahali ambapo wao hawakupangiwa. Sikuweza kumtazama mtu. "Lakini muniskilize muzuri. Musiende. Ile njia imekufwa, bahari imeikula. Miye njo muntu ya mwisho mwenye kuipita." Akazungusha macho mpaka kila mmoja akaitikia. Kisha akaongeza, kama anayetaja jambo dogo, "Kulikuwa na mama moya na mbuzi yake. Mama akaniambia niikale yulu ya mbuzi. Nikaikala. Siku nzima."

Veranda ililipuka kwa kicheko. Mzee mzima juu ya mbuzi.

"Haikukimbia, Papa?" mtu akauliza.

"Haikukimbia. Ilikuwa na meno, lakini ilikuwa na upole."

Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, wazi, mbele yangu. Kwenye vidole vya mkono wa kulia kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyoanza kupona. Nilishtuka tena, mara hii machozi yakanitoka, na wenzangu wakafikiri nacheka kama wao. Nikaokota kalamu. Ilinibidi kumuuliza swali lake mwenyewe, maana nilikuwa kwenye kreti na ndiyo kazi ya anayekaa kwenye kreti.

"Saa ya kurudia, Papa?"

"Hakuna," akasema. "Andika hakuna."

Nikaandika, nikapiga mistari miwili.